Batasema na nyumba yenye magurudumu

Kama unakaa Kolwezi, Likasi, Fungurume ao Kipushi, bila shaka umekwisha kuona ruloti ikipita njiani, ile nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu ambayo kamio inaikokota nyuma yake. Kule Marekani na Ulaya watu wananunua nyumba za namna hii kwa mapumziko. Wakati wa konje wanapakia watoto, sufuria na mbwa wao, wanakwenda kulala kando ya ziwa ao mu pori, kiisha wanarudi. Kwetu huku ruloti ni kitu cha kazi. Wanalala ndani yake wale wanaotafuta madini, wale wanaotengeneza barabara, na walinzi wao. Lakini kwa mbwa hakuna tofauti. Mbwa hajui kama ni konje ao ni kazi. Anajua tu ya kuwa nyumba imeanza kutembea.

Ninataka kukuelezea kosa nililolifanya mimi mwenyewe mwaka 2011, na namna gani tulilitengeneza. Labda nyumbani mwako pia kuna mbwa, na siku moja mtahama ao mtakwenda kulala ku mashamba.

Wakati ule nilikuwa shoferi wa kikundi cha watu wa kutoboa udongo, wale wanaoshusha bomba mbali chini na kutoa mawe yapimwe. Kazi yao ni ya wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi, sababu mvua ikianza barabara hazipitiki tena. Kambi yetu ilikuwa njia ya kwenda Mutshatsha. Mwezi wa saba masomo yalipofungwa, kapita wa kambi alinipa ruhusa kumleta mke wangu na binti yetu wa mwisho, mwenye miaka 8, kwa kuwa ruloti yangu ilikuwa na vitanda viwili. Na mbwa je? Kumwacha peke yake mu parsele, watu wangemwiba ao wangemtilia sumu. Tukasema twende naye.

Jina lake Batasema. Mke wangu ndiye aliyemwita hivyo, juu ya majirani walioona tunamkatia mbwa kipande cha nyama siku ya mshahara. Akasema, «Waache, batasema, kiisha batachoka.» Jina likabaki.

Batasema hakuwa amepanda motokari hata siku moja. Mimi nilifanya kama sisi wanaume wengi tunavyofanya: kwa nguvu. Asubuhi ile alikula bukari na vichwa vya samaki mpaka tumbo likajaa. Kiisha nikamfunga kamba ya nailo, nikamvuta mpaka ndani ya ruloti, kamba nikaifunga ku mguu wa kitanda, mlango nikaufunga. Mke wangu na mtoto wakapanda pamoja nami mbele, mu kamio.

Tafazali sikia hili vizuri. Mtu hapandi mu ruloti wakati inakokotwa. Nyuma kule kunayumba kuliko mbele, makabati yanafunguka, sufuria zinaanguka, na ruloti ikikatika, imekwisha habari yako. Sheria hiyo niliijua. Hata konvoyeri wangu nilimkataza kulala mule. Lakini nilijiambia kwamba mbwa si mtu.

Tulipofika karibu kilometa 40, mpira wa ruloti ukapasuka. Nilishuka, nikafungua mlango. Batasema alikuwa ametapika kila pahali. Mate yalikuwa yanamtiririka. Alikuwa ameukwaruza ule mlango mpaka makucha yanatoka damu. Kamba ilikuwa imefunguka ku kitanda. Mbele sijasema neno, mtoto alikwisha kuingia chini ya mkono wangu. «Batasema, kuya, kuya.» Akamkumbatia shingo. Akamuuma mkono.

Hakuwa mbwa mkali. Mtoto yule alikuwa akimvuta masikio tangu hajajua kutembea. Lakini mnyama aliyefungwa na woga hachagui mkono. Alipita katikati ya miguu yangu, akaingia mu pori na kamba yake nyuma.

Mke wangu hakupiga kelele. Alitwaa bidoni ya maji na sabuni ya kufulia, akaosha kile kidonda, akamwaga maji, akaosha tena, dakika 15 nzima kwa saa yangu. Mama yake alimfundisha vile, na hata leo waganga wanasema vile. Kiisha akaniuliza, bila kuniangalia:

«Baba, ile imbwa ulishaka kuichoma shindano?»

Nilinyamaza. Miaka miwili nilikuwa nikisema mwezi ujao. Kila mwezi feza zilikuwa na njia ingine.

Ninyi vijana, pengine mumesikia watu wakicheka juu ya kichaa cha mbwa. Si neno la kuchekea. Ugonjwa ule unapita mu mate ya mnyama, unaingia mu kidonda, na dalili zikianza kuonekana mu mwili wa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini tangu mwaka 1885, mule Paris, Louis Pasteur alipomchoma mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, jina lake Joseph Meister, na mtoto yule akapona, tunajua ya kuwa sindano ikitangulia dalili, mtu anaokoka. Kwa hiyo hakuna kungoja. Mke wangu alisimamisha kamio iliyokuwa inapakia makala, akapanda na mtoto, wakarudi Kolwezi siku ile ile.

Mganga aliwaanzishia sindano. Aliwaambia watarudi siku ya tatu, kiisha siku ya saba, na kuendelea mbele. Kiisha akasema neno ambalo mke wangu alinifikishia kwa telefone usiku, mimi nikiwa nimesimama juu ya kichuguu kutafuta rezo: mutafute ile mbwa. Mbwa akibaki muzima siku 10 kisha kuuma, maana yake siku ile ya kuuma mate yake hayakuwa na ugonjwa, na sindano zinaweza kusimamishwa. Asipoonekana, mtoto atamaliza zote. Zile za kwanza tu zilikula robo tatu ya mshahara wangu.

Unaona basi, kumtafuta Batasema hakukuwa tu upendo wa mbwa.

Mbele sijaondoka pahali pale, mzee mmoja wa kijiji, mwindaji, alikuja kuona sababu gani tumesimama. Nilitaka kuingia mu majani kumkimbiza mbwa. Alinishika mkono. «Usiikimbize. Ukiikimbiza itaenda mbali. Imbwa yenye kupotea inarudiaka fasi kwenye iliachana na mwenyewe. Acha nguo yako.» Nilivua shati la kazi, linalonuka mafuta na jasho, nikaliweka chini ya musuku kando ya barabara, pamoja na bakuli ya maji. Nilisema mu kijiji ya kwamba atakayeniletea habari nitampa mfuko wa unga. Kiisha tukabadilisha mpira, tukafikisha ruloti ku kambi, na usiku ule sikulala.

Siku ya tatu, kijana anayesukuma kinga yenye magunia ya makala alinikuta njiani nikirudi kutafuta. Alisema, «Kuko imbwa ya rangi ya udongo, inalala juu ya shati, mutu hafike karibu.» Nilikwenda. Nilifanya sawasawa na mzee alivyonifundisha: nilikaa chini mbali kidogo, nikageuza uso kando, sikuita kwa sauti kubwa, sikumkazia macho. Niliweka samaki kavu mbele yangu. Ilipita nusu saa. Kiisha Batasema alikuja akitambaa kwa tumbo, akaweka kichwa chake juu ya kiatu changu. Mimi mtu mzima, nililia mule barabarani, na yule kijana wa makala akaangalia upande mwingine kwa adabu.

Kurudi naye ku kambi tulitembea kwa miguu sehemu kubwa ya safari. Sikutaka kumpandisha tena kwa nguvu. Konvoyeri alikuwa akiendesha mbele yetu polepole, anatungojea, akicheka.

Siku 10 nilimfunga chini ya mti, na kila asubuhi niliandika kwa makala ku ubavu wa ruloti: anakula, anakunywa, anatembea, anabweka kama kawaida. Niliogopa nione mate mengi, ao ameza kwa shida, ao miguu ya nyuma inalegea, ao tabia yake inageuka. Siku ya kumi alikata kamba akaiba samaki ya kapita. Sijafurahi hata siku moja kwa wizi kama siku ile. Mtoto alikuwa amepata sindano tatu, mganga akazisimamisha. Na mimi nikamlipa mganga wa wanyama aje na sanduku lake la barafu, sababu dawa ile inataka baridi mpaka wakati wa kuichoma. Akamchoma Batasema na mbwa wawili wa kijiji juu yake.

Mwisho wa mwezi wa saba mke wangu na mtoto wakarudi ku kambi. Mtoto alitaka mwenyewe. Lakini Batasema alipotikisa mkia mbele yake, alijificha nyuma ya mama yake. Na Batasema naye, ukimwelekeza upande wa ruloti, alijikaza na kulamba midomo na kupiga miayo. Usifikiri miayo ya mbwa ni usingizi tu. Mara nyingi ni woga. Kulamba midomo bila chakula, mkia chini ya tumbo, masikio nyuma, mate mengi: ni maneno yake hayo, na mimi sikuyasoma asubuhi ile ya kwanza.

Pale ndipo nilipokumbuka mwalimu wetu wa sekondari akitufundisha juu ya Pavlov, Mrusi aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 1904. Yeye aliona ya kuwa mbwa akisikia sauti fulani kila mara mbele ya kupewa chakula, mwishowe mate yanamtoka kwa sauti ile peke yake. Basi kwa Batasema ruloti ilikuwa kengele ya taabu. Kazi yangu ilikuwa kuigeuza iwe kengele ya bukari. Tulikuwa na majuma manne, sababu mwanzo wa mwezi wa kenda mtoto alipaswa kuwa Kolwezi kwa masomo, na safari ya kurudi ilikuwa kwa njia ile ile.

Tulianza na bakuli hatua kumi mbali na gurudumu. Kila siku tulisogeza hatua moja. Siku alipokataa kula, nilijua ya kuwa nimeharakisha, tukarudi nyuma hatua mbili. Mke wangu alichoka na mambo yangu. «Unapimia imbwa barabara kama wajeni?» Lakini majuma yale niliona jambo ambalo sikuliona miaka yote ya kazi. Ngazi ya ruloti ni ya chuma yenye matundu. Wewe unaona ngazi; mbwa anaona udongo chini ya miguu yake, kama mtu anayepita juu ya daraja iliyooza. Nilitandika gunia juu yake, akaweka mguu. Tena, ruloti ikisimama juu ya magurudumu tu, unapoingia inayumba. Kuna vyuma vinne vya kushusha ku pembe ili ikazike chini. Mimi nilikuwa mvivu kuvishusha. Nilipovishusha, hata mke wangu alisema, «Kumbe nyumba yaweza kutulia.»

Mlango ukabaki wazi mchana kutwa. Ndani niliweka lile shati langu la kazi, ambalo mke wangu alikatazwa kulifua.

Na mtoto? Sikumlazimisha. Kazi yake ilikuwa kurusha vipande vya samaki kavu kwa mbali, basi. Jioni moja nilimkuta amekaa ku ngazi ya juu, na Batasema amekaa chini, udongoni, wote wawili wanaangaliana. Aliniambia: «Baba, Batasema eko anaogopa ngazi, na miye niko naogopa Batasema.» Nilimuuliza, «Sasa mutafanya je?» Akafikiri. Akashuka ngazi moja. Akaweka kipande cha samaki ku ngazi iliyo chini yake. Batasema akanyoosha shingo mpaka nikafikiri itakatika, akakitwaa, akarudi nyuma mbio. Kesho yake tena. Siku ya nne walikuwa ngazi moja. Sikusema kitu, niliendelea kuchonga mpini wa jembe langu.

Wazee wengine wanasema ukimbembeleza mbwa mwoga, unamwongezea woga. Mimi sikuona vile. Woga si ujanja ambao mbwa anafanya ili apewe zawadi. Nilipokaa karibu naye na kumpapasa polepole kifuani, alipumua. Nilipomkemea, siku mbili zilipotea.

Kisha ruloti ilikuja kamio. Konvoyeri aliiwasha mbali, karibu na mto, nami nikampa Batasema samaki. Kesho karibu zaidi. Kiisha tukampandisha mbele, mashini imezimwa. Kiisha imewashwa bila kutembea. Kiisha mita 50 na kurudi. Siku tuliyofika naye mpaka ku mto, tulimwacha aoge na kucheza mule, ili ajue ya kuwa kamio inafika pahali pazuri.

Mambo mengine nitayapita haraka. Grupe ya umeme ilikuwa ikimsumbua kuliko sisi: sikio la mtu linasikia mpaka mitetemo 20 000 kwa sekonde, la mbwa linapita 40 000. Tulihamisha malalo yake upande ule mwingine wa ruloti. Usiku za kwanza alibwekea kila jani, mpaka tulipoanza kumzungusha kambi yote na kamba, asubuhi na jioni, anuse mipaka yake. Tulimkataza shimo la matope karibu na mashini ya kutoboa. Jioni mtoto, alipokwisha kuzoea, alimtafuta kupe mu masikio na katikati ya vidole. Kupe wa huku wanaleta homa inayoua mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa tulimnyima, sababu inapasuka kama sindano mu tumbo. Na hatukumfungia mu ruloti wakati wa jua hata mara moja. Mbwa hana jasho kama letu, anapoza mwili hasa kwa kuhema. Hata kama inje ni digrii 25, ndani ya nyumba ya bati iliyofungwa saa moja inatosha kupita 40.

Siku ya kurudi, Batasema hakula kitu tangu usiku. Alikunywa maji kidogo. Ku shingo alikuwa na kipande cha bati chenye namba ya telefone yangu, nimekitoboa kwa musumari. Alilala mbele, chini ya miguu ya mtoto, juu ya lile shati. Kamba ilikuwa mkononi mwa mke wangu, na niliwaambia wote: mlango haufunguliwi mbele kamba haijashikwa.

Tulipofika ku ule musuku, nilisimamisha kamio. Nilitaka kujua. Batasema akapiga miayo mara mbili. Mtoto akashusha mkono wake, ule wenye alama, akauacha mbele ya pua yake bila kumgusa. Aliunusa kwa muda. Kiisha akaweka kichwa juu ya viatu vya mtoto, akafunga macho. Mke wangu akaniambia, «Baba, twende, jua linapanda.»

Tulifika Kolwezi saa tisa. Majirani walikuja ku mlango wa parsele kutuamkia na kutazama. Tuliteremsha vitanda, sufuria, magunia ya muhogo. Batasema akakataa kushuka mu kamio. Tulimwita, tulimsihi, mtoto akamvuta sikio. Mwishoni mke wangu aliingia mu jiko, akapika bukari, akaiweka chini, hatua kumi mbali na gurudumu.